Nani Atabeba Kengele

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na cheti cha kidato cha nne ndani ya bahasha ya kaki, na viatu vya kuazima vilivyonibana vidole. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe, paa la mabati, nje kidogo ya mji wa Kitale. Kikundi cha wenyeji kilikuwa kimekusanya humo vitu vya wazee: vigoda, vibuyu, mikuki, picha, ngoma. Wenye kikundi waliiita nyumba ya urithi. Watoto wa shule waliiita miuziam. Mimi niliiita kazi, kwa sababu nilikuwa naitafuta.

Mkubwa wa nyumba alikuwa na cheo cha Mtunzaji. Mtu mrefu, sweta ya kijani jua liwake au mvua inyeshe, miwani imefungwa uzi. Cheti changu hakukitazama.

"Binti," akaniuliza, "nyumba hii ikishika moto sasa hivi, utatoka na nini?"

"Mkoba wangu."

Akacheka mpaka akavua miwani. "Wewe angalau hudanganyi. Wenzako wote wa leo wametoka na ile ngoma kubwa pale, na ile ngoma haipiti mlangoni. Uje kesho."

Basi ninyi mnaoingia kazi hii sasa, mkidhani ni kupangusa vumbi na kukata tiketi, sikilizeni. Vumbi ni sehemu ndogo. Kazi tuliyofundishwa na Mtunzaji inaitwa mpango wa mwendelezo. Kuzima moto ni jambo moja, kila mtu anajua ndoo na mchanga. Mpango wa mwendelezo unauliza swali la kesho yake: baada ya moto, baada ya mvua, baada ya mwizi, tutafungua mlango saa ngapi, kwa funguo gani, na tutamwambia nini mwenye kigoda chake?

Hilo neno "mwenye" lishikeni. Karibu kila kitu mle ndani kilikuwa cha kuazimwa. Familia zilitupa vitu vyao tukae navyo, na familia moja ikichukua chake kwa hasira, nyingine tano zitafuata, na mtabaki na nyumba ya mawe na vumbi lenu.

Kwa hiyo tulijipanga. Orodha ya vitu vyote ilikuwa na nakala iliyokaa mbali na nyumba, kwa sababu orodha inayoungua pamoja na vitu haina faida. Tulikuwa na mahali pa pili pa kuhamia, ukumbi wa kanisa fulani. Picha zikilowa, tulifundishwa, usizibandue kwa nguvu, na usizianike juani. Zifunge kwenye nailoni, uzigandishe kwenye friza, kisha uzishughulikie moja moja polepole. Sisi friza hatukuwa nayo. Mtunzaji akaenda kuongea na mwenye bucha jirani, wakakubaliana, na siku bomba lilipopasuka ofisini, mabibi harusi wa zamani, na magauni yao yote, walilala kando ya matumbo ya mbuzi mpaka Ijumaa. Mwenye bucha alikuwa anawaonyesha wateja. "Hawa ni wageni wangu," anasema, "msiwaguse, chukueni maini."

Nilianza kwa kukata tiketi. Halafu msaidizi wa ghala, kijana mmoja mpole, akapata kazi kwingine akaondoka, na Mtunzaji akanipandisha. Ghala ndipo vinapokaa vitu ambavyo havijawekwa mbele ya watu. Nilifurahi kama mtu aliyepewa shamba. Nilijua kila rafu. Nilijua kibuyu kipi kina ufa, na kigoda kipi kimeanza kuliwa na wadudu.

Sasa niwaambie kuhusu kengele.

Kuna mzee wa Kiminini, sisi wote tulimwita Kuka, yaani babu kwa Kibukusu. Yeye ndiye alituazima chinyimba za ukoo wake. Hizi ni kengele za chuma ambazo kijana wetu, kabla ya kutahiriwa, hugonga kwenye bangili za chuma mikononi akizunguka kualika jamaa. Zile za Kuka zilikuwa zimealikia watu tangu kwa babu zake, na kila mwaka wa tohara familia ilikuja kuzichukua, kijana akazitumia, wakazirudisha. Zilikuwa kitu kilicho hai. Zilikuja kwetu kulala tu.

Kuka alizileta na sharti moja, akalisema mbele yetu sote. Zishikwe na mwanamume aliyetahiriwa. Mwanamke asizishike, hata sanduku lake asilibebe. Mimi sikuona shida. Nimezaliwa Bokoli, kwa Wabukusu, najua kuna vitu vya mama yangu ambavyo Kuka naye hawezi kuvigusa. Mtunzaji akakubali, akazipanga juu ya rafu kwa mikono yake mwenyewe.

Shida ilikuwa kwenye mpango. Katibu wa kamati ndiye aliyeuandika, baada ya kuhudhuria mafunzo ambako waliambiwa waandike cheo, wasiandike jina, kwa sababu watu huhama. Si vibaya. Basi akaandika: sanduku la kengele ni la kwanza kuokolewa, litabebwa na Mtunzaji, na asipokuwepo, msaidizi wa ghala. Alipoandika, msaidizi alikuwa yule kijana. Kijana akaenda, cheo kikabaki, na kwenye kile cheo nikaingia mimi na sketi yangu.

Nanyi mtauliza, kwani hamkufanya mazoezi? Tulifanya sana. King'ora kinalia, kila mtu anakimbilia kitu chake, Katibu amesimama uani na saa. Lakini vitu vya watu havikimbizwi kwa mchezo, kwa hiyo tulibeba kreti tupu za soda. Na mimi nilitoka na yangu, mbio, Katibu akanipigia makofi. Kreti ya soda haina mwiko.

Nilimwambia. Nilimwambia siku ile ile, nikiwa bado nahema, "Katibu, hii kreti ingekuwa ni kengele, mimi nisingeibeba."

Akaangalia saa yake. "Hoja nzuri, madam. Tutaiweka kwenye mapitio ya mwaka."

Mapitio ya mwaka! Mpaka leo nikisikia maneno hayo mkono wangu unatafuta kitu cha kurusha.

Katikati ya hapo nikajifungua. Msichana, na alizaliwa mvua ikimwagika, kwa hiyo ni Nafula, jina lingine lingekuwa uongo. Niliporudi kazini alikuwa anaanza kukaa. Siku moja dada aliyenilelea mtoto akaugua, nikaja naye kazini mgongoni. Mtunzaji hakuwepo, alikuwa ameitwa Bungoma ambako kikundi kilitaka kufungua nyumba ya pili. Katika uwanja mzima tulikuwa watatu: mimi, Nafula, na bawabu.

Bawabu wetu tulimwita Baba Zuhura. Mwislamu wa mjini, amekulia karibu na msikiti, ana kofia yake nyeupe safi na maneno machache. Mpango ulimpa kazi moja. Kukitokea dharura, anafunga geti, haachi mtu aingie wala atoke, na haondoki pale, kwa sababu wezi hupenda kuja na fujo.

Baada ya chakula cha mchana upepo ukatoka upande wa mji mdogo wa Kwanza, mweusi, na mvua ya mawe nyuma yake. Nikasikia misumari ikilia. Halafu mabati ya ghala yakainuka upande mmoja, yakajikunja kama karatasi ya chapati, na mvua ikaingia kwangu bila kubisha.

Nilifanya kazi. Sioni aibu kujisifu, mtu mwingine hakuwepo wa kunisifu. Picha kwanza, kwenye nailoni, chumba cha mbele. Vibuyu kwenye kreti. Turubai juu ya vigoda. Mtoto mgongoni analia, mimi nakwenda na kurudi. Ikabaki rafu ya mwisho, sanduku la kengele juu yake, na boriti moja ya paa imening'inia hapo juu kwa msumari mmoja.

Nikampigia Mtunzaji, simu imezimwa. Kuka, simu inaita tu. Nikaandika kwenye grupu letu la kazini: MABATI YA GHALA YAMENG'OKA, NANI YUKO KARIBU? Katibu akajibu, "Noted." Mweka hazina akatuma mikono ya kuomba. Mjumbe mmoja akaandika, "Poleni sana timu."

Nikakimbia getini. Baba Zuhura amesimama wima mvuani kama nguzo, filimbi mdomoni.

"Baba Zuhura, ingia ghalani utoe lile sanduku la juu! Boriti inaanguka!"

"Mama Nafula, mimi ni wa geti."

"Geti haliibiwi, bana!"

"Mpango unasema nisiondoke. Nikiondoka na mtu akaingia, kesho nani hana kazi? Si mimi?"

Na alikuwa anasema kweli, hilo ndilo lililonichoma zaidi. Wangemfukuza. Nikanyoosha mkono. "Basi nipe filimbi. Geti nalishika mimi."

"Wewe na mtoto? Kwa hii mvua?"

"Huyu ni Nafula. Hii mvua ni ya kwao. Enda!"

Akanivika koti lake la mvua, mimi na mtoto ndani yake, akanipa filimbi na ufunguo, akaenda. Sikuwahi kumwona akikimbia. Alikimbia kama mtu anayechelewa swala.

Hajafika mlangoni, gari likapiga honi nje. Katibu. Kumbe baada ya kuandika ile "Noted" yake alikuwa ametoka mbio, na hilo namhesabia mpaka leo.

"Fungua, madam!"

"Siwezi. Mpango unasema haingii mtu."

"Mpango nimeuandika mimi!"

"Basi si unakumbuka!"

"Acha mchezo, mama, nalowa!"

"Na mimi nimekauka?"

Akashuka, akashika vyuma vya geti, tukawa tunatazamana kama watu wa jela moja, kila mmoja upande wake. Tukasikia boriti ikianguka. Kishindo kile kilimnyamazisha hata mtoto. Mimi na Katibu tukageuka pamoja. Halafu Baba Zuhura akatokea mlangoni, shati limelowa, kofia haipo kichwani, na sanduku kifuani pake. Kwa kofia alikuwa amefunika tundu la ufunguo la sanduku, maji yasiingie.

Nikafungua geti. Katibu hakunigombeza. Alivua koti la suti, akaingia ghalani, akabeba vigoda mpaka giza likaanza.

Kesho yake Kuka akaja. Habari zilikuwa zimemfikia Kiminini kabla hajaamka. Mtunzaji naye alikuwa amerudi na gari la kwanza kutoka Bungoma, uso umemkauka. Tukasimama uani, sanduku juu ya meza. Niliangalia mikono ya Kuka juu ya bakora yake. Akisema "nachukua vyangu", nyumba imekwisha, na sote tulijua.

"Nani alibeba?" akauliza.

Katibu akakohoa. "Mzee, kulingana na mpango wetu wa..."

"Sijauliza karatasi. Nimeuliza mtu."

"Ni mimi, Mzee," akasema Baba Zuhura.

Kuka akamtazama toka kofia mpaka viatu. "Wewe umetahiriwa?"

"Ndiyo, Mzee. Sisi wote hutahiriwa."

"Wapi?"

"Hospitali. Nilikuwa mtoto mchanga."

"Hospitali!" Kuka akatazama mbinguni. "Ukiwa umelala!"

"Nimebebwa na mama, Mzee."

Kwetu kijana hutahiriwa amesimama mbele ya watu, bila kulia. Hapo niliona Mtunzaji akifumba macho.

"Ulilia?" Kuka akauliza, sauti imeshuka.

Baba Zuhura akafikiri. Angeweza kusema hapana. Kila mwanamume wa kwetu husema hapana. "Sikumbuki, Mzee. Lakini vile namjua mama yangu akisimulia, lazima nililia sana."

Kuka akainamia bakora yake. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani anaugua, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akaegemea meza. "Nimezeeka na sijawahi kusikia mwanamume akisema hivyo," akasema akifuta macho. "Basi. Ni mwanamume. Wa hospitali, lakini ni mwanamume." Akageukia kwangu. "Na wewe, mayi," akaniita mama kwa Kibukusu, "ulikuwa wapi?"

"Getini, Kuka."

"Na mtoto?"

"Mgongoni."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi nyumba ilikuwa na watu." Akaligusa sanduku kwa ncha ya bakora. "Zikae. Mwaka wa tohara huyu wa hospitali ndiye atampa kijana wetu kwa mikono yake."

Mngedhani hapo ndipo mwisho. La. Wiki iliyofuata kamati ikakaa kuurekebisha mpango, na pendekezo la kwanza mezani, sikilizeni vizuri, lilikuwa kwamba msaidizi wa ghala awe mwanamume siku zote. Ili kuepuka utata. Mweka hazina alisoma vizuri, kwa sauti ya ibada.

Nilisimama nikiwa nanyonyesha. "Picha nilizitoa mimi. Vibuyu, mimi. Vigoda nilivifunika mimi. Sanduku moja lina mwiko, mnanitoa kwenye rafu zote? Kuka mwenyewe hakusema hivyo, ninyi ndio mnasema. Na huyu bawabu mngemfukuza kwa kuokoa kitu mlichoandika ni cha kwanza!"

"Madam, tulia," akasema mmoja.

"Sitatulia. Nikitulia mnaandika."

Mtunzaji akavua miwani yake ya uzi. "Mimi nakumbuka siku alipoajiriwa," akasema. "Huyu hatudanganyi. Sanduku litafutiwe mtu wake. Ghala lina mtu tayari." Na Katibu, Katibu yule yule wa saa, akachukua kalamu akakata ule mstari wa wanaume, akasema, "Nilifungiwa geti na huyu mama. Siwezi kupiga kura dhidi yake, atanifungia tena."

Tangu hapo tulifanya hivi, na ninyi fanyeni hivi. Kila kitu cha kuazimwa, mwite mwenyewe, muulize: nani abebe, na huyo asipokuwepo, nani? Cheo kiandikeni, lakini kila mtu anapobadilika kwenye cheo, mpango usomwe upya siku hiyo hiyo. Msisubiri mapitio ya mwaka. Na siku ya zoezi mwalikeni mwenye kitu aje aone. Kuka alikuja kwenye zoezi letu lililofuata, akaketi kwenye kiti uani, akatukosoa sote, hasa mbio za Katibu.

Baadaye nilihamishiwa Bungoma kusaidia kuanzisha ile nyumba ya pili. Ilikuwa vyumba viwili, nyuma ya maduka. Mkubwa wangu wa huko alikuwa na cheo cha Mratibu, mama wa makamo mwenye sauti ya mwalimu wa zamu. Siku ya kwanza aliniuliza, "King'ora kikilia saa nane, mtoto wako atakuwa kwa nani?" Sikuwa nimewahi kuulizwa hilo na mkubwa yeyote. Tukaanza mpango wetu hapo: nani ana mtoto, yuko wapi, nani atamfuata. Halafu ndipo vigoda. Mratibu alisema mtu anayemwazia mtoto wake hataona hata rafu, na mimi nilikuwa shahidi.

Nilimpenda yule mama. Ndiyo sababu iliniuma zaidi tumbo la pili lilipoanza kuonekana na barua ikaja kutoka kwa kamati, siyo kwake, kwamba mkataba wangu unaisha na hautaendelea kwa sasa. Mratibu aliisoma, akaitupa mezani, akawapigia simu akawafokea mpaka majirani wakatoka nje. Haikusaidia. Watu walioandika mpango wa moto, wa mvua, wa wizi na wa mchwa hawakuwa na mstari wa mama mjamzito. Wengine hustaafu na saa ya ukutani na keki. Mimi nimestaafu na miguu iliyovimba, sijafika hata thelathini. Nimekasirika, na nimeandika haya nikiwa nimekasirika, na kazi yenyewe bado naipenda hivi kwamba nikipita mahali penye mabati yaliyolegea nasimama kuhesabu misumari.

Lakini Agosti ilifika, na ulikuwa mwaka wa tohara.

Nilikuwa nje ya nyumba yangu Bungoma nikichambua mboga. Nafula alikuwa ameshaacha kunyonya, anatembea na kuanguka. Nikasikia chuma kutoka barabarani, kikigongwa kwa mpigo, karibu na karibu zaidi, na sauti za vijana wakiitikia. Mbele yao kijana amepakwa unga, shanga kifuani, na nyuma kabisa, akihema kwa sababu hajazoea, Baba Zuhura na kofia yake nyeupe.

"Mama Nafula," akasema, "Kuka ametutuma. Amesema hii familia hualika jamaa zake wote, na wewe usiachwe."

Miaka yote ile nilikuwa nimelinda lile sanduku na sikuwa nimewahi kusikia kilichomo. Nilisimama na sukuma wiki mkononi. Nafula aliziba masikio, kisha akayafungua, akaanza kukanyaga chini kwa miguu yote miwili. Nikamkamatia kijana kuku wangu mwekundu, ndiyo desturi, aliyekuja kukualika hatoki mikono mitupu.

Kijana akaliona tumbo langu, akalegeza mikono. "Nipunguze sauti, mama?"

"Usipunguze, bana," nikamwambia. "Piga. Piga mpaka kamati isikie kule Kitale."